Risasi ya Mtaa wa Eleanor: Vita vya Makaburu vilivyorudi nyumbani Troyeville

Asubuhi ya Mei Mosi mwaka 1989, Dk. David Webster, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliegesha gari nje ya nyumba namba 13, Mtaa wa Eleanor, Troyeville, mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg. Alikuwa na mwenzi wake, Maggie Friedman. Akazunguka nyuma ya gari kuwafungulia mbwa wao washuke. Gari jingine likapita, dirishani ikachomoza bunduki ya marisau, na mlio mmoja ukamwangusha. Alifariki muda mfupi baadaye, Maggie akiwa pembeni yake. Alikuwa na miaka 44.

Webster hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mwanaanthropolojia aliyezaliwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, akasomea maisha ya Wachopi wa kusini mwa Msumbiji, kisha akafundisha Witwatersrand, au Wits kwa kifupi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo kifo chake ni kifo cha vitani, na ndiyo maana nimeuchagua mtaa huu kuzungumzia vita ambavyo vitabu vingi huvianzia Namibia na kuvimalizia Angola. Aliyemuua alikuwa mtu wa kikosi cha siri kilichoota ndani ya jeshi lile lile lililokuwa likipigana mbali sana na Johannesburg. Na moja ya makosa ya Webster machoni pa wakubwa wa jeshi hilo ni kwamba alisimama na vijana waliokataa kwenda kupigana.

Troyeville ni kitongoji kidogo cha zamani kilichokaa juu ya mwinuko, uwanja wa Ellis Park ukionekana chini yake. Nyumba nyingi zina paa za mabati na vibaraza vya mbao, zilizojengwa jiji lilipokuwa bado changa na dhahabu ikiwaita watu kutoka kila pembe. Baada ya mwaka 1975, Ureno ilipoondoka Angola na Msumbiji, Wareno wengi walikimbilia Afrika Kusini, na baadhi yao wakahamia Troyeville na vitongoji jirani. Walikuja na mapishi yao, makanisa yao na kumbukumbu za vita vyao wenyewe, kwani Ureno nayo ilikuwa imewalazimisha vijana wake kupigana Afrika kuanzia 1961 hadi wanajeshi walipochoka na kuipindua serikali ya Lisbon Aprili 1974. Leo barabara hizo hizo zina Wamsumbiji, Wazimbabwe na Wakongo, na Kiswahili cha Kivu hakichukui muda kusikika. Ni watu wachache sana hapa ambao ukoo wao haukuguswa na vita fulani.

Kwa msomaji wa Tanzania, vita ninavyovizungumzia si vya watu wa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Kusini ilikabidhiwa Afrika Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, iitunze kwa niaba ya jumuiya ya kimataifa. Ikaifanya kama jimbo lake, ikaingiza humo sheria zake za ubaguzi, ikakataa kuondoka. Tarehe 26 Agosti 1966, polisi wa makaburu walishambulia kambi ya wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, mahali panapoitwa Omugulugwombashe, na vita vikaanza rasmi. Wapiganaji wa mwanzo wa SWAPO walikuwa wamepitia Kongwa, mkoani Dodoma, kambi ambayo Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru, wakiwamo pia wa ANC. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Brigedia Jenerali Hashim Mbita aliiongoza miaka mingi hadi ilipofungwa 1994. Sisi tulikua tukimsikia kaburu redioni karibu kila siku. Lakini kaburu yule tuliyemchora akilini hakuwa na umri. Hatukuambiwa kwamba mara nyingi alikuwa kijana wa miaka 18 aliyetoka kufanya mtihani wa mwisho wa sekondari.

Mwaka 1967 sheria ilimtaka kila kijana mzungu wa kiume kuingia jeshini. Mwanzoni muda ulikuwa miezi tisa, ukawa mwaka mmoja, na kufikia 1977 ukawa miaka miwili. Baada ya hapo aliitwa tena na tena kwenye kambi za akiba kwa miaka kadhaa, akiacha kazi, mke na watoto. Fomu za kujiandikisha zilimkuta shuleni akiwa na miaka 16. Inakadiriwa kwamba vijana wapatao 600,000 walipitia mkondo huo hadi ulipokomeshwa mwaka 1993. Kuna waliokwenda kwa fahari, wakiamini kila walichofundishwa kanisani na darasani kuhusu Wakomunisti. Wengine walikwenda kwa sababu jela iliwatisha kuliko mpaka. Wenye uwezo walikimbilia ng'ambo au walijificha chuoni, shahada juu ya shahada.

Kilichovifanya vita hivyo viwe vya kutiliwa shaka hata na Wazungu wenyewe ni uongo. Mwishoni mwa 1975 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Angola na kusonga mbele hadi karibu na Luanda, huku serikali ikiwaficha wananchi wake kwamba askari wao wako huko. Vijana walivalishwa sare zisizo na alama ya jeshi lao. Dunia nzima ilisoma habari hizo magazetini kabla ya mama zao. Fikiria mzazi wa Bloemfontein au Port Elizabeth anayeambiwa mwanawe amekufa, na hawezi kuambiwa amefia nchi gani.

Yaliyofanyika huko yalikuwa mazito. Tarehe 4 Mei 1978 ndege na askari wa miavuli walishambulia Cassinga, kusini mwa Angola, na kuua watu wapatao 600. Pretoria ilisema ni kambi ya kijeshi. SWAPO na Umoja wa Mataifa walisema ni kambi ya wakimbizi, na kati ya waliofukiwa kwenye makaburi ya pamoja walikuwamo wanawake na watoto wengi. Kaskazini mwa Namibia, kikosi cha polisi kilichoitwa Koevoet, kilichoundwa 1979, kiliwawinda wapiganaji kwa malipo ya kila kichwa, na wanavijiji wa Ovamboland wakaishi kati ya hofu ya mchana na hofu ya usiku. Mwaka 1987 na 1988 mapigano makubwa ya Cuito Cuanavale, ambapo Waangola na Wakuba walikabiliana na makaburu na waasi wa UNITA, yalizisogeza pande zote kwenye meza ya mazungumzo. Mkataba ulisainiwa New York Desemba 1988, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990.

Lakini kabla vita havijaisha kule, vilikuwa vimekwisha kuingia ndani. Oktoba 1984 serikali iliwatuma askari na polisi wapatao 7,000 kuizingira Sebokeng, kitongoji cha Waafrika kusini mwa Johannesburg, kupekua nyumba kwa nyumba. Kuanzia siku hiyo kijana aliyeitwa jeshini hakuweza tena kujidanganya kwamba anakwenda kulinda mpaka dhidi ya Warusi. Alitakiwa kumwelekezea bunduki mtoto wa mwanamke aliyemlea nyumbani kwao, aliyempikia na kumfulia sare ya shule.

Ndipo Kampeni ya Kukomesha Uandikishaji wa Lazima Jeshini, iliyojulikana kwa kifupi chake cha ECC, ilipopata nguvu. Ilizaliwa kutokana na wito uliotolewa mwaka 1983 na akina mama wa Black Sash, shirika lililopinga ubaguzi, na Webster alikuwa mmoja wa waliotumia nguvu zao humo. Wakati huo huo alihudumu kwenye kamati ya wazazi wa waliowekwa kizuizini, akiandaa mikutano ya chai ambako mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku aliweza kukaa na mama mwenzake, akapata wakili, na kujua jina la kituo mwanawe alikofichwa. Yeye na Maggie waliandika kwa uangalifu takwimu za waliokamatwa, waliopotea na waliouawa na watu wasiojulikana. Nadhani kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo iliyowatia hofu wakubwa. Serikali yenye makaburi ya siri haipendi mtu mwenye daftari.

Kukataa jeshi kulikuwa na bei. Sheria ya mwaka 1983 ilimruhusu mtu wa dini anayepinga vita vyote kutumikia kazi ya kiraia kwa miaka mingi, lakini aliyesema vita hivi hasa ndivyo visivyo vya haki alikabiliwa na jela hadi miaka sita. Daktari Ivan Toms, aliyekuwa akitibu maskini wa Crossroads huko Cape Town, alihukumiwa miezi 21 mwaka 1988. Julai mwaka huo David Bruce, ambaye mama yake alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alipata miaka sita kamili. Desemba ikawa zamu ya Charles Bester, mwenye miaka 18 tu, naye miaka sita. Wakati huo waliokataa hawakuwa tena mmoja mmoja. Mwaka 1987 vijana 23 walitangaza hadharani kwa pamoja kwamba hawaendi. Mwaka uliofuata walikuwa 143. Septemba 1989 walifika 771. Mapema zaidi, mwaka 1985, Waziri wa Ulinzi Magnus Malan alikuwa amekiri kwamba Januari ya mwaka huo walioitwa wakakosa kuripoti walikuwa 7,589. Baada ya hapo serikali ikaacha kutoa hesabu.

Jeshi lenyewe lilishuka hadi kwenye vitimbi. Helikopta iliwahi kumwaga vipeperushi vya kejeli juu ya mkusanyiko wa ECC, na kampeni hiyo ikalipeleka jeshi mahakamani Cape Town na kupata amri ya kulizuia. Agosti 1988 serikali ikaipiga marufuku ECC. Miezi minane baadaye, risasi ikalia Mtaa wa Eleanor.

Muuaji aliitwa Ferdi Barnard, polisi wa zamani aliyekwisha kufungwa kwa kuua kabla ya kuajiriwa na kikosi kilichojiita ofisi ya ushirikiano wa kiraia, CCB. Jina hilo la kistaarabu lilificha kitengo cha makomandoo wa jeshi chenye kampuni za uongo, mishahara na bajeti ya kuwaua wapinzani, ndani na nje ya nchi. Mbinu zilizonolewa Angola na Namibia zililetwa kwenye mitaa yenye miti na watoto wa shule. Mauaji hayo yalibaki bila mwenyewe kwa miaka tisa. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimhukumu Barnard vifungo viwili vya maisha na miaka 63 juu yake. Aliachiwa kwa msamaha wa masharti mwaka 2019. Wakubwa waliompa kazi hawakufungwa. Hilo silipitii kwa haraka, kwa sababu ndilo jeraha ambalo familia nyingi za nchi hiyo zinaishi nalo: mfyatuaji anajulikana, aliyesaini hundi anakula pensheni.

Nyumba ya namba 13 ilikuja kupambwa kwa nakshi za vigae kwa kumbukumbu yake, na mwaka 2009, miaka 20 baada ya kifo hicho, bustani ya Troyeville ikapewa jina la David Webster. Wits ina bweni lenye jina lake. Ni heshima anayostahili. Ila mtu akiishia kwenye nakshi ataondoka na nusu ya habari, kwa sababu upande wa pili wa kadhia hii ni wale vijana 600,000, na wao hawana bustani.

Wengi wao sasa ni wazee au wanakaribia. Walitoka jeshini kwa namna ya ajabu: wiki hii uko mpakani na maiti, wiki ijayo umekabidhi bunduki, umevua sare, uko mezani kwa wazazi na mama anakuuliza kama utakula zaidi. Hapakuwa na ushauri nasaha wa maana. Waliokuwa wamesaini viapo vya siri waliambiwa wafunge midomo. Miaka michache baadaye nchi ikabadilika, na vita walivyoambiwa ni vya kuokoa taifa vikawa aibu ya taifa. Basi wakanyamaza mara ya pili, safari hii kwa hiari. Wapo waliolewa miaka 30. Wapo ambao wake zao walijifunza kutowaamsha kwa kuwagusa. Madaktari wa akili wa Marekani walilitambua rasmi tatizo la kiwewe cha baada ya vita mwaka 1980, baada ya Vietnam, lakini katika kambi za Namibia kijana aliyeanza kutetemeka alikuwa na nafasi kubwa ya kuitwa mwoga.

Daktari Anthony Feinstein, aliyeitwa jeshini akiwa tabibu na kupelekwa huko, aliandika kitabu mwaka 2011 kuhusu gharama hizo zilizofichwa. Clive Holt, aliyepigana wakati wa Cuito Cuanavale, alichapisha simulizi yake mwaka 2005, na humo akaueleza ugonjwa uliomfuata nyumbani. Mwaka uliofuata J. H. Thompson akakusanya sauti za makuruta wengi katika kitabu kimoja. Inachukua muda mtu kufika hapo. Angalia miaka: kati ya vita kwisha na kinywa kufunguka, zilipita takriban dekada mbili.

Kuna waliotendewa unyama na jeshi lao wenyewe. Katika hospitali ya kijeshi nje kidogo ya Pretoria, wodi namba 22 ilitumika kuwapiga umeme vijana wapenda jinsia moja kwa madai ya kuwatibu. Aliyeisimamia, daktari wa akili Aubrey Levin, alihamia Kanada, na huko mwaka 2013 alifungwa kwa kuwadhalilisha kingono wagonjwa wake. Lilikuwa jeshi lililowatesa watoto wa Wazungu huku likiwaambia kwamba linawalinda.

Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu ilitenga kikao maalumu kuhusu uandikishaji wa lazima, Julai 1997 mjini Cape Town. Walijitokeza wachache kulinganisha na ukubwa wa jambo. Wengi waliogopa kujitia hatiani, wengine waliona tume ni ya washindi. Kisha likaja suala la ukuta. Kwenye Freedom Park, kilima cha Salvokop mjini Pretoria, majina ya waliokufa katika migogoro ya nchi yaliandikwa, wakiwamo Wakuba waliofia Angola, lakini askari wa jeshi la makaburu wakaachwa nje. Mwaka 2009 wenzao wakajijengea ukuta wao kwenye Mnara wa Voortrekker, kilima cha pili. Leo ukisimama Pretoria unaona vilima viwili vyenye wafu wa vita vimoja, wasiotazamana.

Nasema wazi msimamo wangu: sioni kwamba majina hayo yalistahili kukaa ukuta mmoja na watu wa Cassinga. Aliyebeba bunduki ya dhuluma, hata kwa kulazimishwa, hayuko sawa na aliyepigwa nayo. Lakini kumnyima mahali pa kusemea ni jambo jingine, na ni kosa. Mama wa Sebokeng anahitaji kujua nani aliamuru nini, na mwenye majibu mara nyingi ni yule koplo wa zamani anayekunywa peke yake jioni.

Wala vita havikuwaumiza askari Wazungu peke yao. Batalioni ya 32 ya jeshi la makaburu ilijaa Waangola, wapiganaji wa zamani wa FNLA waliookotwa baada ya chama chao kushindwa mwaka 1975. Walipiganishwa dhidi ya ndugu zao kwa zaidi ya miaka kumi. Namibia ilipokuwa ikielekea uhuru walihamishiwa Pomfret, mji wa mgodi wa asbesto uliofungwa, pembezoni mwa jangwa la Kalahari. Aprili 1992 waliletwa kutuliza ghasia Phola Park, karibu na Johannesburg, wakashutumiwa vikali kwa kuwafanyia ukatili wakazi, na mwaka uliofuata kikosi kikavunjwa. Wanaume wenye Kireno, bunduki na bila kazi wangekwenda wapi? Wengine waliingia kampuni ya mamluki ya Executive Outcomes, iliyopigana Angola na Sierra Leone. Na Machi 2004, ndege ilipokamatwa Harare ikiwa na watu wapatao 70 wanaodaiwa kwenda kupindua serikali ya Guinea ya Ikweta, wengi wao walikuwa askari wa zamani wa batalioni hiyo, na wake zao walikuwa wakiwasubiri Pomfret.

Upande wa ukombozi nao una madonda yake, na sisi tulio wapenzi wa harakati hizo hatuna budi kuyataja. SWAPO iliwafungia mamia ya watu wake kwenye mashimo ya Lubango, Angola, katika miaka ya 1980, ikiwatuhumu ujasusi. Waliobaki hai walirudi Namibia 1989 na wengi hawajawahi kuombwa radhi kama wanavyotaka. ANC ilikuwa na kambi yake ya Quatro, ambako wapiganaji waliolalamika waliteswa, na tume ya Tutu ililithibitisha hilo. Na Tanzania? Andreas Shipanga na viongozi wenzake wa SWAPO waliompinga Sam Nujoma walikamatwa Zambia 1976, wakaletwa kwetu, wakakaa vizuizini bila kushitakiwa hadi 1978. Tulifanya mengi mema kwa uhuru wa kusini. Tulifanya na hili.

Waliopigania uhuru hawakupata mteremko pia. Oktoba 2021 kundi la maveterani lilifunga milango ya ukumbi wa hoteli moja karibu na Pretoria na kuwazuia ndani mawaziri wawili, akiwamo Thandi Modise wa ulinzi ambaye mwenyewe alikuwa mpiganaji wa uMkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, wakidai fidia, nyumba na pensheni. Polisi waliwakamata watu 56. Sheria ya Maveterani ya mwaka 2011 inawataja wa pande zote za vita, lakini kutajwa na sheria hakulipi kodi ya nyumba. Mtu aliyeondoka Soweto na miaka 17, akapitia Angola na pengine makazi ya ANC ya Mazimbu kule Morogoro, akarudi na miaka 35 bila cheti wala ufundi, alikuta nafasi zimekwisha kuchukuliwa na waliobaki.

Turudi Troyeville, ambayo ilikwisha kumwona hata mtu aliyebadilishwa na vita kwa njia nyingine kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakili kijana wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alipanga na familia yake nyumba kwenye Mtaa wa Albemarle. Waingereza walipokuwa wakiizima kwa damu harakati ya Wazulu iliyoongozwa na Bambatha mwaka 1906, Gandhi alivunja makazi yake ya Troyeville, akaipeleka familia Phoenix, akajitolea na wenzake kubeba majeruhi upande wa serikali. Wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuwagusa Wazulu waliokatwa kwa viboko, kwa hiyo Wahindi ndio waliosafisha vidonda hivyo. Alirudi mtu mwingine. Septemba mwaka huo huo alikuwa jukwaani Johannesburg, akianzisha mapambano yasiyotumia silaha yatakayoitikisa dola ya Kiingereza hadi India.

Kwa nini haya yatuhusu wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa mwaka huu? Kwa sababu watoto wetu wako vitani sasa, na maswali ni yale yale. Januari 2025 askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa karibu na Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, wengi wao wakiwa kwenye kikosi cha SADC, na nchi yao ikaingia katika mabishano makali: nani aliwatuma, wakiwa na silaha gani, kwa faida ya nani? Katika kikosi hicho hicho walikuwamo wa kwetu, na JWTZ ilitangaza kuwapoteza wawili. Bungeni Cape Town waziri alihojiwa hadharani. Kwetu mjadala ulikuwa mfupi mno. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, na kambi ya askari wake ya El Adde iliposhambuliwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, miaka ikapita bila serikali kuwatangazia wananchi idadi kamili ya wanajeshi waliokufa. Wajane walijuana wao kwa wao, misibani.

Wala tusisahau wazee wetu wa Vita vya Kagera dhidi ya Uganda. Maelfu ya mgambo walichukuliwa vijijini mwaka 1978, wakatembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Kampala iliyoangushwa Aprili 1979, wakarudi shambani. Vile vilikuwa vita vya haki, navyo havifanani na vya makaburu. Lakini haki ya vita haimzuii mtu kuota maiti usiku, na sijui wangapi kati yao waliwahi kukalishwa na daktari.

Ombi langu ni kwa Wizara za Ulinzi za nchi zetu, na kwa vyuo vikuu vyetu. Tangazeni majina ya wote wanaofia nje, kila mara, ndani ya siku chache, pamoja na mahali na sababu. Wekeni wataalamu wa afya ya akili kwenye kila kikosi kinachorudi, na wafuateni askari hao hadi vijijini kwao baada ya kustaafu. Mradi wa Hashim Mbita ulituachia majuzuu tisa ya historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sasa tumeni wanafunzi wenye vinasa sauti Kongwa, Mazimbu, Kyaka na Mutukula, wawahoji wapishi wa kambi, wauguzi, madereva na mgambo. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepigana, muulize mwezi huu, umpe muda wa kujibu, na uandike anachosema. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Kagera wamekwisha kuvuka 65.